Majibu ya Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Muheza, Mkuu wa Maabara alinikabidhi hadubini na trei ya vioo vya damu. "Hapa unasoma, unaandika, basi," akaniambia. "Kueleza ni kazi ya daktari." Nilikuwa msichana wa Kibondei, nimetoka chuoni juzi tu. Nilihesabu vijidudu vya malaria miaka na miaka, macho yakachoka kabla ya mwili.

Nilipohamishiwa Tanga mjini nilikuta mashine ya kupima viashiria vya uvimbe. Hizo ni protini ambazo huzidi kwenye damu mtu akiwa na saratani fulani. Lakini huzidi pia kwa mimba, kwa hedhi, hata kwa uvimbe wa kawaida usio saratani. Sisi tulilijua hilo. Karatasi ya majibu haikuliandika.

Mwanaidi alitoka Tongoni, mkulima wa mwani, tumbo likimsokota kila mwezi. Kiashiria chake kilikuwa juu. Akaja dirishani kuchukua karatasi.

"Shikamoo mama. Hii inasemaje?"

"Marahaba mwanangu. Mpelekee daktari, atakueleza."

"Daktari wameniambia hayupo mpaka Jumatatu."

"Basi njoo Jumatatu." Nikaita jina la mwingine.

Hakuja. Njiani alimwonyesha muuza dawa karatasi ile, naye akamwambia kipimo kile ni cha saratani na chake kimepanda. Ilipita miezi mingi ndipo dada yake akamleta kwa nguvu. Alipopasuliwa, kwenye kifuko cha mayai walitoa uvimbe uliojaa damu ya zamani, nyeusi kama lami. Nyama ikachunguzwa. Saratani haikuwepo.

Majibu hayo niliyapeleka wodini mwenyewe, nikasimama daktari akimweleza. Nilitaka kuiona furaha yake.

"Kwa hiyo sikuwa nakufa?" Mwanaidi akauliza.

"Hukuwa," daktari akasema.

Akageukia ukutani. Dada yake alinivuta nje. "Alimsihi mumewe aoe," akasema, "ili watoto wapate mlezi kabla hajazikwa. Mke alimtafuta mwenyewe. Pilau ya harusi kapika mwenyewe. Mwezi haujaisha tangu harusi."

Nilimweleza bosi wangu. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Utaratibu hukuuvunja," akasema.

"Najua, mzee."

Tangu siku ile kila mwanamke nilimwambia: namba hii peke yake si saratani, usimwamini mtu kabla hujamwona daktari. Nilipewa barua mbili za onyo. Nilizitia sahihi.

Sasa nimestaafu, nakaa Pongwe, miguu inavimba. Vijana wa maabara hunipigia kuuliza habari za mashine. Mashine zao sizijui tena. Nawaambia tu wamtazame usoni anayepokea karatasi.

Mwaka jana nilimwona Mwanaidi sokoni na mke mwenzie, wameshika kapu moja, kila mtu mkono wake. Alinisalimia kwa adabu. Nikamuuliza hali, akasema hajambo. Nikawapisha, wakapita.