Majina Mawili Dirishani

Juzi katika mtaa wa Bredäng nilimwona mama mmoja akiwaita wanawe kutoka dirishani, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni. Theluji ilikuwa imeyeyuka na uwanja ulinukia udongo mbichi. Mama yangu aliita kutoka juu, “Neema, Furaha, mukuje kula.”

Rafiki yangu niliyekuwa nikicheza naye akaniuliza kwa Kiswidi, Furaha ni nani.

“Ni mimi pia,” nikamjibu, maana niliamini nina majina mawili.

Nilipanda ngazi mbio. Mama alinipisha mlangoni, lakini hakuufunga mlango. Alisimama akitazama ngazi tupu, harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikitoka nje. Sikujua bado kwamba Furaha alikuwa dada yangu, aliyezikwa njiani tulipokimbia Kongo.

“Mama, niko peke yangu,” nikasema.

“Najua,” akajibu, akaendelea kungoja.