Alama kwenye Mdeki

Harufu ya mafuta ya nazi juu ya chuma baridi hunirudisha kijijini kwetu Milola. Yalikuwa mafuta yaliyochacha, ambayo mama hakuyataka tena jikoni, na baba aliyahifadhi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi kwa ajili ya gobori lake. Jioni, akishaswali magharibi, alikaa barazani na kusugua mtutu taratibu kwa kitambaa hadi chuma kikang'aa mbele ya kibatari. Bunduki ile ilikuwa ya kizamani, ya kujazwa kupitia mdomoni, na alikuwa na kibali cha kuimiliki kwa ajili ya kulinda mazao. Hakuwa mwindaji. Alikuwa mkulima wa korosho na mpunga ambaye alipenda kila kitu kikae mahali pake, na upendo huo aliutumia zaidi kwenye bunduki kwa sababu, alivyosema, jembe likikosewa linakusubiri urekebishe, bunduki haikusubiri.

Kilichonivutia kuliko bunduki yenyewe ni mdeki, ule ufito mrefu wa kushindilia baruti na risasi ndani ya mtutu. Baba alikuwa ameukata alama mbili kwa kisu. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki ulizama hadi alama ya kwanza ikalingana na mdomo wa mtutu. Baruti na risasi zikiwa ndani, mdeki ulisimama juu kidogo, na hapo ndipo alama ya pili ilipolingana na mdomo. Kila alipomaliza kushindilia aliuacha mdeki ndani, akainamisha kichwa na kuitazama alama ile kwa jicho moja, kama fundi anayetazama kama ukuta umenyooka. Ikisimama juu ya mdomo, hata kwa unene wa ukucha, maana yake risasi haijaikalia baruti na kuna nafasi katikati. Nafasi hiyo, alitueleza, ndiyo inayoweza kuupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji. Alitaka risasi iikalie baruti kama mtu aliyekaa mkekani, pasipo upepo kupita chini yake.

Masika ninayoyakumbuka ni ya mwaka ambao baba mdogo Hemedi, mdogo wake baba, alikuwa amechumbia msichana wa kijiji cha Mingoyo. Alilima mpunga ng'ambo ya kijito, na mpunga ule ulikuwa na kazi moja tu: ubwabwa wa harusi yake. Ulipoanza kupinda masuke, nguruwe pori wakaugundua. Mimi na mama tulikuwa tukienda huko kila siku kuamia ndege, yaani kuwafukuza kwa kelele na mawe tukiwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba. Lakini nguruwe hawaogopi kelele za mtoto wa kike. Ilibidi baba alete gobori, na kwa kuwa Hemedi ndiye aliyekuwa na shabaha, wakakubaliana baba ajaze na Hemedi apige.

Alfajiri moja baba alijaza nyumbani, akapima, akaridhika, akamkabidhi mdogo wake. Tulipovuka kijito sote wanne, mvua ikatukuta. Hemedi alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: aligeuza bunduki mdomo chini ndani ya koti lake ili maji yasiingie, akaendelea hivyo njia nzima, akiruka mitaro na kuteleza kwenye udongo mwekundu. Tulipofika kulikuwa kumeanza kupambazuka na mvua imekatika. Nguruwe walikuwa ndani ya mpunga, karibu kabisa, tukisikia meno yao yakitafuna. Hemedi akapanda dunguni, akaelekeza mtutu.

"Lete bunduki," baba alinong'ona.

"Kaka, wako hapo! Si ulishapima?"

"Nilipima ya nyumbani. Hii umeibeba kichwa chini. Lete."

"Mpunga wangu unakwisha!"

"Mpe, shemeji," mama akasema. "Hao wameshakaa kwenye ubwabwa, hawana haraka. Maulidi yenyewe hayajasomwa."

Hemedi hakucheka. Alishuka na bunduki kwa hasira, na baba akautia mdeki polepole. Uliposimama, alama ya pili ilikuwa juu ya mdomo wa mtutu kwa upana wa kidole. Risasi ilikuwa imeteremka njiani na kuiacha baruti peke yake. Baba alimshika Hemedi mkono, akaiweka ncha ya kidole cha mdogo wake kwenye ile nafasi, kisha akaanza kushindilia upya. Chuma kilikwaruza. Jike kubwa likainua kichwa, likakoroma, na kundi zima likatimua mbio, likipita katikati ya mpunga uliokuwa umebaki mzima.

Mavuno yalikuwa haba. Harusi ikasogezwa hadi baada ya korosho, na watu wa Mingoyo wakaanza kuuliza kama mchumba ana nia. Hemedi aliacha kula kwetu. Kisimani na msikitini baba akapachikwa jina la Bwana Kipimo. Watu walimuuliza kama ameshapima mvua ya kesho. Siku Hemedi alipomjia barazani kumwambia kwamba amemwaibisha, baba alimjibu mara moja tu: "Mpunga utaulima tena mwakani. Uso utaulima wapi?"

Mimi niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Siku hizi nina duka la vifaa vya ujenzi Nangurukuru, na wateja wakipungua mimi husoma kwenye simu. Nimesoma juu ya watu wa mbali wanaojijazia risasi za bunduki za kisasa. Ndani ya mitutu yao kuna mifereji inayoizungusha risasi, na wao hupima risasi iketi kwa kina gani kwenye ganda lake ili ubaki umbali wanaoutaka kabla ya kuigusa mifereji hiyo. Ikisogea mbele hadi kuibana, nguvu ya mlipuko inaweza kupanda kupita kiasi. Wana vyombo vinavyosoma tofauti nyembamba kuliko unywele. Nilipoyasoma hayo sikuona mambo mageni. Niliwaona ndugu zake baba, wenye vifaa bora.

Mwaka huu nilikwenda Mingoyo kumwamkia Hemedi, anakoishi tangu aoe. Aliitikia marahaba, akaniuliza habari za duka, kisha, kama kila mara, akaanza. "Ungetoka vizuri tu ule mlio. Baba yako alininyima nguruwe, Mungu amrehemu." Siwezi kumthibitishia kinyume chake. Huenda mtutu ungehimili. Nimelipima jambo hilo kila upande na halina alama ya kusoma. Yeye aliendelea kubisha kwa sauti kubwa, akionyesha kwa mikono jinsi nguruwe walivyosimama, wajukuu wakimcheka na mkewe akimwambia anyamaze, chai inapoa. Katika mavuno ya mwaka ule, uso huo mzima na kelele zake ndivyo vilivyobaki.