Selpha na Plasta ya Pilipili

Akikuambia mtu kwamba Selpha Akinyi ni mwoga, mpeleke soko la Kibuye siku ya Jumapili amtazame robota la mitumba likifunguliwa. Wanawake wazima, mama za watu, wanarukiana kama kuku waliotupiwa mahindi, na Selpha yuko katikati, kiwiko kimoja mbavuni mwa mwenzake, mkono mwingine umeshalikamata gauni zuri kuliko yote. Huyo si mwoga. Lakini asubuhi ile, juu ya kitanda cha kliniki moja mjini Kisumu, meno yalikuwa yakimgongana, na wala hakukuwa na baridi.

Kilichomleta pale ni maumivu. Mwaka uliotangulia aliugua mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge unaozunguka upande mmoja wa mwili. Wake ulianzia mgongoni, ukapita chini ya kwapa la kushoto, ukaishia chini ya titi. Malengelenge yalikauka, makovu yakabaki, na maumivu yakakataa katakata kuondoka. Blauzi nyepesi ikimgusa, aliona kama amemwagiwa uji wa moto. Aliacha kulalia ubavu wa kushoto, akaacha kubeba mizigo, akaacha hata kukumbatiwa kanisani. Watu wakimjia na mikono wazi, yeye alirudi nyuma akawapungia tu.

Maumivu pengine angeyazoea. Kilichomnyima raha hasa ni maneno ya Achola, jirani yake wa kibanda pale sokoni, mwanamke anayejua kila kitu kabla hakijatokea. "Nyar Seme," alimwambia, maana Selpha ni binti wa Seme na wenzake humwita hivyo, "huo mkanda uchunge sana. Mwanzo wake na mwisho wake vikikutana, hakuna daktari. Ni kwisha." Na si Achola pekee. Nusu ya Kibuye wanaamini hivyo, na nusu iliyobaki wameshasikia, wanaogopa kubisha. Basi kila asubuhi, nyumbani kwake Nyamasaria, Selpha alimgeuzia mgongo binti yake Lorine, msusi wa Kondele, amkague kwa macho bila kumgusa.

"Umefika wapi?"

"Ni pale pale, Mama."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, Mama. Haujasonga."

Daktari wa kliniki ile aliposikia habari hiyo alicheka, na hapo ndipo alipokosea. Alieleza kwamba ugonjwa wenyewe ulishaisha, kwamba kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyoumia ambayo inapiga kelele bure, na kwamba kovu haliwezi kutembea. Selpha aliitikia kila neno kwa heshima na hakuamini hata moja. Mtu anakucheka nawe unaogopa kufa, utamwamini vipi? Yeye alishaamua moyoni kwamba mkanda haukufa, umelala. Na sasa walitaka kuuamsha kwa pilipili!

Ndiyo, pilipili. Muuguzi Nanyama, mama wa makamo kutoka Bungoma mwenye sauti nzito na mikono mipole, hakumficha kitu.

"Sista, umesema pilipili?"

"Ni ile dawa inayofanya pilipili iwe kali, Mama. Imewekwa kwa plasta. Itakuchoma, hiyo sikufichi. Lakini ikishachoma, hizo neva zinachoka, zinanyamaza. Si leo. Pengine wiki moja hivi. Na kuna watu haiwasaidii."

Pilipili Selpha anaijua vizuri. Lorine alipokuwa mtoto wa kukimbia na kuongea na bado hataki kuacha ziwa, Selpha alifanya kama walivyofanya mama wote wa kwao, akajipaka pilipili kwenye titi. Mtoto alionja mara moja. Hakulia papo hapo. Kwanza alimtazama mamake usoni, akitafuta amekosa nini. Selpha ndiye aliyetangulia kulia, kwa uchungu wa macho yale na kwa lile titi lililowaka hadi jioni. Sasa alikuwa amelalia ubavu wa kulia, anangoja kupakwa yeye.

Nanyama alifungua dirisha. Akavaa glavu, akavaa barakoa, akawapa Selpha na Lorine, aliyekuja kumsindikiza, barakoa zao. Mtu anajifunika mdomo na mikono kwa kuogopa kitu, halafu kitu hicho hicho anakubandika wewe kwenye ngozi! Selpha akapimwa presha, ikawa juu kidogo. Akapakwa dawa ya ganzi, ikangojewa, ikapanguswa. Muuguzi akachora kwa kalamu mpaka wa sehemu inayouma, akakata plasta ikafuata mchoro, akaibandika taratibu kuanzia mgongoni.

"Itakaa saa nzima. Usiiguse, Mama. Hata kidogo. Ikizidi, mtume Lorine aniite, niko chumba hiki cha pili."

Kwanza hakuna kilichotokea, na hilo nalo likamwogopesha. Kisha joto likaja, kama mtu aliyekaa mbali na jiko, halafu jiko lenyewe likaanza kumsogelea. Selpha akafumba macho, akaomba kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akahamia Kidholuo. "Nyasaye, kecha," alirudia, Mungu anihurumie, huku jasho likimtoka.

Lorine aliinama juu ya simu yake, akijifanya anasoma. Kwa hiyo hakuona mamake alipoanza kuwa na shaka. Selpha alihisi ukingo wa plasta unainuka pale chini ya titi. Hivi ikianguka, si watairudia upya? Akapeleka mkono, akaingiza vidole chini ya ule ukingo, akaukandamiza mahali pake. Hakuna aliyeona. Halafu moto ukapanda ghafla, naye akajikumbatia, mkono ule ule ukapenya chini, ukaushika ubavu wa kulia na kuung'ang'ania.

Haikuchukua muda. Ubavu wa kulia, ambao haujawahi kumuuma tangu azaliwe, ukaanza kuwaka.

Selpha alitulia tuli. Hakutaka kuamini. Akangoja kidogo, ukazidi.

"Lorine," akasema kwa sauti ndogo. "Njoo uangalie huku upande wa kulia."

Lorine akaja, Selpha akajiinua kidogo, naye akainama.

"Umefika wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza umefika wapi!"

"Kuna wekundu, Mama. Hapo awali haukuwepo."

Basi. Yale maneno yote ya daktari yakayeyuka, likabaki la Achola tu. Selpha aliiona habari yake imekwisha pale pale, mchana kweupe, honi za bodaboda zikisikika dirishani. Lakini yeye ni mama, na mama hafi bila kuacha maagizo.

"Sikiza vizuri. Mnizike kando ya baba yako. Na mnivike nguo pana, Lorine. Pana sana. Usiwaache wale mashangazi zako wanibane na lile gauni la satini. Sitaki kitu kinibane tena."

"Mama, yawa, wacha kusema hivyo!" Lorine alikuwa ameanza kulia, maana hata yeye, pamoja na elimu yake ya sekondari na kila asubuhi kusema haujasonga, alikuwa akiamini. Akatoka mbio. "Sista! Sista, umekutana!"

Nanyama aliingia akikimbia, akamkuta Selpha ameketi, machozi yanamtiririka, mkono umeshainuka kuyafuta.

"Usiguse macho!" Akaudaka ule mkono hewani. Akautazama. Kisha akautazama ubavu wa kulia kwa muda, bila kucheka.

"Mama, hebu nikuulize. Ni mkanda gani huu una vidole?"

Lorine akainama tena. Kweli, ule wekundu ulikuwa wa vidole: vinne vimelala sambamba, na cha gumba pembeni.

"Ulishika plasta?"

"Mimi? Hapana."

"Mama."

"Nilikandamiza tu kidogo. Ilikuwa inaanguka."

Nanyama akavuta pumzi ndefu. Akampaka jeli ya kuondoa dawa, vidoleni na ubavuni, akapangusa, akapaka tena, kisha akamwekea kitambaa cha baridi. Muda uliobaki hakurudi chumba cha pili. Aliketi pale pale, ameushika mkono wa Selpha kama mtu anayemshika mtoto karibu na barabara.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Ngozi ilibaki nyekundu, maji ya moto hayakuruhusiwa, na Selpha alishinda ndani na kanga iliyolowekwa maji baridi, akimlaani daktari, akimlaani Achola, akijilaani mwenyewe. Alipoulizwa kama amepata nafuu, alijibu kwamba ameliwa na pilipili na bado anaumwa.

Kisha asubuhi moja aliamka na kujikuta amelalia ubavu wa kushoto.

Hakufurahi. Aliruka akakaa kitako. Alijisikiliza, hakusikia kitu. Yale maumivu aliyoishi nayo muda wote huo yalikuwa wapi? Wazo likamjia kwamba upande ule umekufa, kwamba nyama imeoza ndani kimyakimya. Hakuthubutu kuushika mwenyewe.

"Lorine! Lorine, njoo haraka!"

Lorine akaja kutoka kuosha vyombo, akasimama nyuma yake, akainama kumkagua kwa macho kama kawaida. "Ni pale pale, Mama."

"Sikuulizi hiyo. Nishike."

"Nikushike?"

"Weka mkono. Nataka kujua kama nitausikia."

Lorine alisita sana. Alikuwa amesahau namna ya kumshika. Mwishowe akaweka kiganja juu ya makovu, kwa woga, tayari kukiondoa. Selpha aliuma meno akingoja moto. Aliusikia ubaridi wa maji. Alisikia kucha zilizokatwa fupi, na vidole kimoja kimoja. Kulikuwa na uchungu kidogo kwa mbali, lakini mkono ulikuwa mkono, mkono wa mtoto wake, hauchomi.

"Unaumia, Mama? Nitoe?"

"Thubutu," alisema Selpha, akaukandamiza ule mkono pale pale.