Kaye Tupu ya Somo la Kompyuta

Chokaa ikinyeshewa hutoa harufu kali na ya baridi, kama ukuta uliopakwa jana. Uwanja wa shule yetu ya msingi, hapa Likasi, ulinuka hivyo majira yote ya mvua nilipokuwa darasa la sita, kwa sababu Mwalimu Ilunga aliuchora kwa chokaa ya machimbo ya Kakontwe: miraba, mishale, njia zinazogawanyika. Alikuwa amepewa somo la kompyuta katika shule isiyo na kompyuta hata moja. Mwingine angeona aibu. Yeye alitutoa nje, akatuambia kwamba mashine hutii tu, haifikiri, hivyo sisi ndio tufikiri kwanza: tatizo kubwa likatwe vipande, vipande vipangwe kwa kufuatana, na jambo likiharibika tutafute limeharibikia wapi. Miezi miwili ikapita hatujaandika neno daftarini. Na kwetu, somo ambalo halimo kwenye kaye, daftari la mwanafunzi, si somo. Wazazi hawakuuliza umeelewa nini; walifungua kaye na kutazama kurasa.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kila muhula, kwa kukariri. Siku moja Mwalimu alimfunga mwenzetu Kasongo kitambaa machoni, akamfanya mashine, nami nikaandika kwenye karatasi maagizo ya kumwezesha kuchota maji kwenye pipa la uwanjani. Niliyasoma kwa sauti ya majivuno: hatua kumi na mbili mbele, geuka kulia, shusha kikombe, chota. Kasongo alitii vilevile. Kikombe kikagonga bati, ko, ko, ko, naye akaendelea kuchota hewa, maana nilisahau kumwambia afunue kifuniko. Uwanja mzima ulilipuka. “Huyu njo wa kwanza mu klasi? Kifuniko inamushinda!” alipiga kelele msichana mmoja. “Mama, maji iko tamu!” Kasongo akajibu, akijifanya anakunywa. Nilitaka kuichana karatasi yangu. Mwalimu akanishika mkono taratibu. “Usichane. Kufanya kosa si kosa. Hesabu hatua zako, uone ni ya ngapi iliyokosekana.” Sikuhesabu. Nililia.

Jioni ile ile papa, baba yangu, alirudi kutoka kiwandani, akanawa mikono, akaomba makaye yangu kama desturi yake. Alifika kwenye ya somo la kompyuta. Akapindua ukurasa, akapindua tena, zote nyeupe. “Hii iko bule. Munasomaka nini?” Ningeweza kumweleza. Nilijua kila kitu tulichofundishwa, hata hatua niliyoikosa. Lakini kicheko cha uwanjani kilikuwa bado masikioni mwangu. “Tunachezaka tu, papa,” nikasema. “Anachoraka chini, tunarukaruka.” Ulimi hauna mfupa. Jumapili baada ya misa, kwenye kikao cha wazazi, papa alisimama, yeye ambaye hakupenda kusema mbele za watu: “Tunatuma batoto kusoma, hapana kuruka.” Wengine wakaitikia. Mkurugenzi wa shule akamwondolea Mwalimu Ilunga darasa letu, na baada ya Pasaka hatukumwona tena. Aliyekuja baada yake alituamuru tunakili kwa Kifaransa maana ya kompyuta na majina ya sehemu zake. Nilichora kibodi kwa rula, kila kitufe mahali pake, nikapata alama ya juu kuliko wote. Papa aliitazama kaye iliyojaa, akatabasamu.

Siku hizi shule ya mpwa wangu Grâce ina chumba cha kompyuta chenye feni na mapazia. Nilimuuliza wanafanya nini mashine ikikataa. “Tunaita tu mwalimu,” akajibu, akishangaa swali lenyewe. Siwezi kumcheka. Mimi ninaandika hadithi, na sura ikinigomea ninaichana yote, kwa kuwa sikujifunza kutafuta pale ilipokosea. Tulikuwa na chokaa tu, na mtu aliyetuuliza maswali. Leo vyombo vipo, na mimi ni mmoja wa waliomfukuza mtu yule.

Majira ya mvua yaliyopita nilimwambia papa ukweli, nikamweleza pipa, kifuniko na zile hatua. Miaka thelathini alikuwa fundi umeme, akitafuta palipokatika kwenye nyaya za kiwanda, kipande kwa kipande. “Lakini ile njo kazi yangu,” akasema. “Ile njo kazi nilifanyaka siku yote. Na miye nilisimamaka mbele ya bantu yote, nikamuharibia, sababu ya neno yako.” Hakupaza sauti; afadhali angepaza. Kisha akaniuliza, “Sasa ule mwalimu iko wapi?” Nilipoulizia, mmoja wa tuliosoma naye aliniambia Mwalimu alikwenda Kakanda, mwingine akasema Kolwezi. Nilikuwa sijauliza kamwe mpaka siku ile, na hata jina lake la kwanza silijui.