Mlango wa Nyuma wa Pijo

Bimdogo alikuwa mpambaji wa magari ya harusi, na kila harusi mdomo wake ulitangulia kufika kabla yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, vidole vimekauka gundi kama vya fundi viatu. Mji wa Kale wote ulimjua. Ukitaka gari la harusi lenye maua ya karatasi ya kumetameta na riboni kutoka boneti hadi buti, ulimtafuta yeye, ukavumilia maneno yake, ukapata gari la kuwaita watu madirishani.

Lakini kupamba gari si kazi. Kazi ni kulipambua. Gari la harusi aghalabu huwa la kuazima, na harusi ikiisha mwenyewe hulirudia na macho yake mawili. Akikuta hata alama ya ukucha kwenye rangi, shukrani zote za jana hugeuka matusi.

Hilo Bimdogo alilijua kwa kuungua. Alipokuwa bado mgeni wa kazi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alibandika mioyo ya kitambaa kwenye boneti ya mwenye duka mmoja kwa gundi ya viatu. Gundi ilishika. Ilishika hata siku ya kubanduliwa ikaondoka na rangi, na gari likazunguka mjini na mioyo ya bati tupu, mwenyewe amenuna nyuma ya usukani. Tangu siku hiyo watu wakawa wananong'ona kwamba Bimdogo ana mkono mbaya.

Akaamua kusoma, na shule yake ikawa magari ya watu. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, alipita na kikapu kando ya magari yaliyoegeshwa, akijitia anatafuta kitu kilichomwanguka, akabandika kijiua cha karatasi chini ya mlango huu na kingine chini ya ule, kila kimoja kwa gundi yake. Ijumaa ya pili alirudi kubandua na kukagua. Seloteipu ilikuwa ovyo: joto la Mombasa likiipiga hujikunja yenyewe, na ikikaa sana huacha ukoko wa manjano. Ile gundi kali ya matone ilishika papo hapo, lakini iliacha ukungu mweupe usiofutika. Uji wa ngano uliliwa na mende. Sukari iliyochemshwa kwa ndimu, ile ambayo wanawake humtolea bibi harusi malaika ya mwilini, ilishika vizuri ikatoka kwa maji ya vuguvugu bila kosa, ila iliwaita sisimizi wa mtaa mzima. Sumaku za spika mbovu zilifaa, lakini chembe moja ya mchanga ikiingia chini yake, rangi huchorwa mistari, basi ilibidi azivishe flana. Kijiua kimoja alikisahau kwenye gari la karani wa bandarini aitwaye Crispus, na mkewe Crispus akataka kujua ni nani huyo anayempa mumewe maua. Bimdogo aliposikia fitina hiyo alicheka mpaka akaketi chini, wala hakwenda kusema neno.

Mwishowe alitua kwenye utepe wa povu wenye gundi pande mbili, ule ambao mafundi wa magari hubandikia nembo. Siri ya utepe huo iko kwenye kuubandua. Hauvutwi. Unaumwagia maji ya moto, moto ambao mkono wako waweza kuustahimili, na ukishalainika unapitisha mshipi wa kuvulia nyuma yake, unakata taratibu kama mtu anayekata sabuni ya mche. Mabaki unayafuta kwa kitambaa laini chenye mafuta ya taa, kisha unaosha. Mishipi aliinunua Liwatoni kwa wavuvi, ambao walidhani ana mume mvuvi, naye hakuwakatalia.

Basi hapo ndipo alipofika siku aliyoitwa na Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa alikuwa mwenye nyumba pale Makadara, na alikuwa akimwoza bintiye Mwanakheri. Mkarimu, mwenye sauti ya juu, na mwoga wa kisirani kuliko mtu yeyote kisiwani. Nikaha ilikwisha kuahirishwa mara moja kwa sababu bundi alilia juu ya paa. Gari lilikuwa tayari lipo: Pijo ndefu nyeupe ya mpangaji wake, Kitsao, mtu wa Kaloleni aliyefanya kazi bandarini, ambaye aliiosha kila asubuhi kabla hajanywa chai. Kitsao hakuwa na desturi ya kuazima gari. Lakini mwenye nyumba wako akikuomba jambo, nawe Mkristo umekula pilau yake kila Idi, utasema nini?

"Watu waniambia nisikupe, Bimdogo," Bi Mejumaa alimwambia. "Mimi nakupa. Lakini ukiiharibu na hini, hapana mtu mji huu atakayekupa gari tena. Hilo walijua."

Alilijua. Hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na kazi hii, na aliipenda kwa moyo wake wote. Kila gari lililoondoka mbele yake limepambwa, alijiona kana kwamba ameoza binti yake mwenyewe.

Kitsao alimpokea uani kwa masharti. "Mama, boneti pamba. Milango ya pembeni pamba. Mlango wa nyuma usiuguse."

"Una nini mlango wa nyuma? Umeposwa?"

"Usiuguse tu, mama. Nakuomba."

Kuna watu ukiwaambia wasiguse, umewaita. Hata hivyo, haukuwa ubishi mtupu. Gari la harusi hufuatwa na wanawake kwa miguu, kwa vigoma na vigelegele. Mbele yake hutazamwa na wapita njia na mbuzi, lakini mashangazi wa bwana harusi huutazama mlango wa nyuma njia nzima. Kuuacha mtupu ni kuwapa maneno ya mwaka. Bimdogo akangoja Kitsao aingie ndani kuvaa, akajaribu kipande cha utepe chini ya mlango wa pembeni, akakibandua, rangi ikabaki safi. Akaridhika. Akabandika mlango wa nyuma ua la riboni jekundu, pana kama sinia ya pilau. Kitsao alipotoka na koti lake, uani kumejaa watu na bibi harusi yuko mlangoni, na haikuwezekana tena kusema neno. Alimtolea Bimdogo jicho la kuua. Bimdogo akampigia kigelegele.

Harusi ilifana. Mashangazi walilitazama lile ua mpaka wakakosa la kusema, na mmoja wao, mwanamke asiyesifu hata chakula chake mwenyewe, akauliza jina la mpambaji. Bimdogo alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili, na Kitsao alikwenda kanisani kwa miguu. Bimdogo akaingia uani na birika la maji ya moto, mshipi wake na mafuta ya taa. Boneti ikatoka safi. Milango ya pembeni ikatoka safi. Akaanza kuimba. Kwenye mlango wa nyuma akamwaga maji, akangoja, akapitisha mshipi taratibu bila kuvuta, kama ilivyo ada yake. Ua likatoka, na rangi nyeupe ikatoka pamoja nalo, ganda zima, kama utandu wa maziwa.

Machozi yalimlenga. Aliona kazi yake yote imekwisha pale uani, akawasikia na watu wakisema tulijua. Kisha akajifuta macho, akatazama vizuri. Chini ya weupe hapakuwa na bati. Palikuwa na rangi nyeusi, na juu ya nyeusi, kwa herufi nyekundu, pameandikwa: GARI LA MAITI.

"Mungu wangu," ikasema sauti nyuma yake. Kitsao alikuwa amerudi, Biblia kwapani.

"Kitsao mwanangu," Bimdogo akasema polepole, "hebu nisomee hapa. Mato yangu leo hayaoni sawasawa."

Kitsao hakusoma. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba Pijo aliinunua mnadani, huko bara, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Viti vya nyuma alivitia mwenyewe. Fundi wa rangi alikuwa na haraka. Mlango wa nyuma hakuupiga msasa, alipaka nyeupe juu ya nyeusi basi. Rangi ile haikuwa imeshika kitu tangu mwanzo, na utepe wowote ungeondoka nayo.

Bimdogo nusura amkumbatie. Si yeye! Utepe haukukosa, maji hayakukosa, mkono wake haukukosa, na ushahidi ulikuwa mlangoni kwa herufi kubwa ambazo mji mzima ungeweza kuzisoma. Akavuta pumzi amwite Bi Mejumaa. Kabla hajaita, Bi Mejumaa mwenyewe akasikika akishuka ngazi na vyombo, akipiga kelele kwamba chakula cha fungate kinapoa na Kitsao awashe gari.

Hapo akaghairi kuita. Mwanamke aliyeahirisha nikaha kwa sababu ya bundi, utamwambia bintiye kapelekwa kwa mumewe ndani ya gari la maiti? Angezimia. Akizinduka, angekwenda kumrudisha Mwanakheri nyumbani. Na Mwanakheri, aliyecheka jana njia nzima, kila mtoto akiugua, kila akikosana na mumewe, angeambiwa ni lile gari.

Bimdogo akalikandamiza ua mahali pake kwa kipande kipya cha utepe, akaliegemea kwa mgongo.

Bi Mejumaa akatokea na mabakuli. Ua lilifunika maandishi, lakini weusi ulichungulia pembeni pote. "Nini hini?"

Kitsao akafungua mdomo. Bimdogo akamwahi. "Rangi imebanduka, Bi Mejumaa. Ni gundi yangu. Nalikatazwa mlango huu, nikaugusa. Nimekosa."

Bi Mejumaa hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa akiingoja. "Mkono wako una nini, Bimdogo? Sasa watu nitawajibu nini?"

"Wajibu kuwa Bimdogo kaharibu tena."

Kusema hivyo kulimchoma kuliko alivyodhani. Alipompita Kitsao, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake vya kanisani, akamnong'oneza, "Kesho waipeleka kwa fundi aukwangue mlango huu mpaka bati, nami nitakuwa nimesimama hapo nikitazama." Kitsao akaitikia haraka haraka.

Bi Mejumaa hakukubali kumwacha nyuma. Kuharibu ameharibu, alisema, lakini ni mtu wa nyumbani, na aingie. Wakaingia nyuma wote wawili na mabakuli yao. Pijo ikatoka uani polepole. Bi Mejumaa, aliyekuwa hajaketi tangu alfajiri, akanyoosha miguu, akaegemea, akafumba macho.

"Lakini gari zuri hili, Kitsao," akasema. "Pana. Mtu aweza kulala humu raha zake, hata asitake kuteremka tena."

Kitsao akakanyaga breki pasipo sababu. Bimdogo aligeuza uso dirishani, leso nusu nzima mdomoni, mabega yakimtikisika, na machozi ya uchungu na ya kicheko yakamtoka kwa pamoja. Bi Mejumaa akafumbua macho, akamwona, akamwonea huruma. Akampapasa begani, akamwambia asilie namna hiyo, gari ni gari tu, na hapana aliyekufa.