Visu Viwili vya Kuwindia kutoka Namtumbo

Sikutoka nyumbani Mjimwema, hapa Songea, kwenda kutembea. Nilitoka kwa sababu ya kisu. Marehemu mume wangu alikuwa mwindaji, akaacha kisu kimoja na watoto wa kiume wawili. Gervas anasema baba alimwachia yeye. Kastori anasema hivyo hivyo. Tangu matanga hawasalimiani. Na kwetu mtu haendi porini peke yake kumfuata nguruwe, kwa hiyo nguruwe wakawa wanakula mahindi yetu huku wanaume wawili wazima wamenuna. Nikasema basi, nitaagiza viwili vinavyofanana, kila mtu ashike chake.

Asubuhi nilipanda basi la Namtumbo. Kisu cha marehemu nilikifunga kwenye kanga, nikakipakata, kiwe mfano. Mama mmoja jirani yangu kitini akauliza nimebeba nini.

"Ugomvi," nikamwambia. Hakuuliza tena.

Namtumbo nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwa Athumani, mhunzi. Njia nzima ni tumbaku na mahindi, na vumbi jekundu lililonifanya nifike kama niliyechimbwa ardhini. Athumani alikuwa chini ya banda lake la nyasi, ananoa shoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka visu viwili kama hiki."

Akakigeuza kile kisu, akapitisha kidole kwenye mpini uliolika upande wa dole gumba. "Chuma ninacho, springi ya lori. Na mpingo wa mpini ninao. Mikono iko wapi?"

"Mikono gani?"

"Ya watakaovishika. Mimi sifui kisu cha porini kwa mkono nisioupima. Kikimteleza mtu mbele ya nguruwe, utanilaumu mimi?"

Safari yote ile, na mikono nimeiacha Songea! Nikapiga simu. Nilimwambia Gervas, "Njoo, mama yako yuko huku." Kastori nikamwambia vilevile. Sikumtaja mwingine kwa yeyote. Nililala kwa mke wa Athumani, Mama Zuhura, akanipa ugali na kisamvu, akacheka sana nilipomweleza.

Kesho yake mchana wakafika, kwa basi moja. Mmoja alikaa mbele, mwingine nyuma kabisa. Athumani akawapima viganja kwa kamba, akawasha mkaa, akamwita Kastori kwenye mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto.

"Naanza na changu?" Kastori akauliza.

"Hapana, cha kaka yako. Kwangu mwenye kisu havukuti chake. Anavukutiwa na ndugu yake wa damu. Ndivyo baba yangu alivyofanya, na mimi sibadilishi."

Kastori akanitazama. Mimi nikatazama mashamba. Akaanza kuvukuta kivivu. Athumani akatoa chuma, akakirudisha. "Hakijaiva. Nikikifua hivi kitakatikia kwenye mfupa, na mwenzako atakuwa amekishika."

Gervas akashindwa kuvumilia. "Wewe, unavukuta au unapoza uji?"

Lilikuwa neno la kwanza kati yao tangu tumzike baba yao.

"Subiri zamu yako," Kastori akajibu, "tutaona hayo makwapa yako." Lakini akavua shati, akavukuta mpaka chuma kikawa chekundu kama jua linalozama. Zamu ya Gervas ilipofika, naye hakutaka kushindwa. Jioni walikuwa weusi kwa masizi wote wawili, wanabishana nani amechoka zaidi. Mama Zuhura akawaletea sahani moja. Wakala.

Tulirudi visu vilipokwisha kutiwa mipini na ala. Kwenye basi walikaa kiti kimoja, kila mmoja akikagua cha mwenzake kana kwamba yeye ndiye aliyekifua. Kabla ya kufika stendi ya Songea, Gervas akauliza, "Mama, na cha baba?"

"Cha baba kinabaki jikoni."

Nilikwenda kutafuta visu viwili ili wanangu wasihitajiane tena. Kumbe hiyo haikuwa dawa. Kila mmoja sasa anacho chake, lakini anajua ni jasho la nani lililokiivisha, na Jumamosi iliyopita walitoka pamoja na mbwa. Kile cha marehemu namenyea mihogo. Wakija na kukitazama sana, nawasogezea beseni, wanamenya.