Pilau Yangu Imemkosesha Zawadi Somo

Jamani, leo nimemharibia mjukuu wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Zawadi ndiyo kwanza ameanza chuo kikuu, jioni anafagia hospitalini, na anataka kujiandaa mapema kusomea sheria. Leo mwanasheria Mswidi alipita hapa mtaani kwetu Rågsved kumfundisha bure kabla ya kuwahi treni.

Nikampakulia pilau. Nikamwongezea.

Zawadi akaninong'oneza, "Bibi, muda."

"Nyamaza wewe! Hujamlisha mtu, unataka akili zake?"

Mgeni akala, akatazama saa, akashukuru, akaondoka. Kitabu hakikufunguliwa. Siku nyingine hana.

Zawadi hakulia. Alikusanya sahani, akasema, "Pilau ilikuwa tamu, Bibi."

Afadhali angenifokea.

Anayemjua mwanasheria mwingine aandike chini ya karatasi hii niliyoandikiwa na kuibandika hapa ukutani, nitasomewa. Safari hii hata chai sitoi.